Kanda Isiyo na Doa: Mwongozo kwa Mbishi Mgeni wa Kawe

Ukihamia Kawe utakuta vitu viwili vimekutangulia: chumvi ya bahari inayokula mabati, na ubishi. Bati likioza utanunua jingine. Ubishi hauozi. Unaukuta benchini saa kumi na moja jioni, umekaa pale pale ulipouacha jana, unangoja mtu wa kuuliza, "Tuliishia wapi?"

Kijiwe chetu kiko upande wa Ukwamani, chini ya mwarobaini, mahali ambapo daladala ikipiga honi kahawa hutikisika kikombeni. Kina mabenchi mawili. Moja ni la wazee. La pili lina mguu mfupi uliotiliwa tofali, nalo ni la kila mtu aliyebaki: dereva bajaji anayesubiri abiria, fundi redio ambaye siku hizi anatengeneza simu, na mimi. Simba na Yanga huzungumzwa asubuhi. Siasa huzungumzwa kwa sauti ya chini. Jioni ni ya swali moja tu, lenye umri mkubwa kuliko lami ya mtaa wetu: katika muziki wa dansi, ni kanda gani isiyo na doa? Yaani ile ambayo ukiitia kwenye redio, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, mkono wako hauendi hata mara moja kwenye kitufe cha kupeleka mbele.

Nimekalia benchi la tofali miaka kadhaa. Nimeshindwa sana, nimeshinda mara mbili, na katika hizo mbili, moja mpinzani wangu alikuwa ameitwa nyumbani kwake. Kwa uzoefu huo naona ninayo haki ya kuwaandikia wageni mwongozo.

Kuingia

Usije na maoni. Njoo na shikamoo. Wazee wanne ni shikamoo nne. Usiwasalimie kwa jumla kama kondakta anayeaga abiria. Agiza kahawa ya mabenchi yote mawili, kashata usiisahau, kisha nyamaza. Kimya cha siku tatu za mwanzo ndicho mtaji wako, kwa sababu kijiweni anayenyamaza hudhaniwa anajua. Siku ya nne utaulizwa: "Na wewe kijana, unasemaje?"

Usishangae kuitwa kijana. Mimi nimezaliwa 1978 na mvi ninazo za kugawa, lakini bado ni kijana, maana mzee anayekaa mwanzo wa benchi la kwanza alifanya kazi Tanganyika Packers enzi kiwanda kikitoa nyama ya kopo. Kwake yeye, kila aliyekikuta kiwanja cha kiwanda hicho kikiwa cha mikutano ya injili ni mtoto.

Jibu lako la kwanza liwe swali. Uliza hivi, taratibu, huku ukipuliza kahawa: "Samahani wazee wangu, tunazungumzia kanda, santuri, au utepe wa RTD?" Utaona benchi zima linageuka kukutazama. Umeshaingia.

Kitu chenyewe hakipo

Hapa nawapa siri ambayo wazee wanaijua na hawaisemi. Albamu tunayoibishania haikuwahi kuwepo.

Miaka ya 1970 na 1980 bendi ya Dar haikuwa na desturi ya kutoa albamu. Ilikwenda studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ndiyo RTD, Barabara ya Pugu, mashairi yakiwa yameshapita kwenye kamati ya kuyakagua, ikarekodi nyimbo zake ikaondoka. Waimbaji, magitaa, tumba na mapembe, wote kwa pamoja. Mashine inazunguka, na wimbo unapigwa kwa mkupuo tangu sauti ya kwanza hadi chemko ya mwishoni. Aliyekosea dakika ya saba aliwarudisha wenzake wote dakika ya kwanza, isipokuwa kama fundi mitambo amechoka, na mafundi mitambo huchoka. Utepe ulibaki redioni. Hapakuwa na jalada, hapakuwa na upande wa kwanza wala wa pili, hapakuwa na mtu aliyekaa akaamua wimbo upi utangulie na upi ufunge.

Santuri zilikuwepo, ila za kuchapwa Nairobi, na nyingi zilikuwa zile ndogo zenye wimbo mmoja uliokatwa katikati. Sehemu ya kwanza iko huku. Ukitaka ya pili, geuza. Ukimsikiliza Mbaraka Mwinshehe unapata utamu, unanyanyuka, unageuza, unarudi kwenye utamu. Mstaafu wa Packers anashikilia kwamba ule muda wa kugeuza ni sehemu ya wimbo, na kwamba mwenye akili alijua kuutumia. Sijamuuliza zaidi.

Sasa hizi kanda zisizo na doa zilitoka wapi? Zilitoka kwa kijana mwenye duka la kurekodi. Ulikwenda Kariakoo na kanda tupu ya dakika 60, au ya dakika 90 kama mshahara umetoka, ukampa na karatasi: "Neema" ya Mlimani Park itangulie, "Zuwena" ya Marijani Rajab ifuate, halafu weka "Mary Maria" ya Vijana Jazz, halafu jaza utakavyoona. Kesho yake jioni ukaichukua. Jiji zima lilikuwa jiji la watayarishaji wa albamu, kila mmoja na yake, kila mmoja kaipanga kwa moyo aliokuwa nao siku ile. Kuna waliopanga wakiwa wamependa. Kuna waliopanga wameachwa, na hizo ukizisikiliza utazijua kwa wingi wa nyimbo za Mlimani Park.

Kwa hiyo anayekwambia kanda yake haina doa anasema kweli tupu. Kaipanga mwenyewe. Ni kama mtu anayesifu sahani aliyojipakulia.

Jambo hili lijue, ulifiche. Ukilisema umekiua kijiwe. Mimi nililisema mara moja, Ramadhani moja baada ya futari, nikaambiwa nimeshiba vibaya.

Kuchagua kambi

Kambi kubwa ni mbili, na hakuna uraia wa nchi mbili.

Kuna Msondo. Hii ilizaliwa 1964 ikiitwa NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina nayo ikabadili: Juwata, kisha OTTU, hadi ikawa Msondo Ngoma yenyewe. Ni bendi ambayo ukiyapanga majina yake umeshafundisha historia ya vyama vya wafanyakazi bila kitabu. Wapenzi wake huiita Baba ya Muziki na hawatabasamu wanapolisema hilo.

Kuna Sikinde, yaani Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, ikachukua jina la baa ya njia ya Chuo Kikuu ilikokuwa ikipiga, na mwaka 1983 ikawa ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mimi ni wa Sikinde kwa sababu tulizaliwa mwaka mmoja. Sababu hiyo ni ya kipuuzi, ndiyo maana haijawahi kuvunjwa. Sababu za maana huvunjwa kila siku.

Ukibanwa na kambi yoyote, taja Muhidini Gurumo. Alikuwa NUTA tangu 1964, akahamia Mlimani Park ilipoanzishwa, mwaka 1985 akaondoka na wenzake kwenda OSS, bendi ya mtindo wa Ndekule, na mwisho akarejea Msondo hadi alipostaafu 2013. Alifariki Aprili 2014. Ukisema, "Lakini sauti ya Gurumo pale!" benchi zima litaitikia, kila mtu akiwa na "pale" yake. Utaonekana umekubaliana na wote, kumbe hujasema kitu. Kuna wanasiasa waliojenga maisha juu ya msingi mwembamba kuliko huo.

Tahadhari na kambi ndogo. Mtu wa bendi ya Maquis habishani; anasema jina la mpiga gita, "Nguza Viking", peke yake, mara moja, halafu anatazama baharini. Mwache atazame. Mtu wa Mbaraka naye ni wa kuheshimiwa zaidi ya wote. Kwake muziki ulikoma tarehe 12 Januari 1979, siku Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, na vyote vilivyofuata ni kelele za majirani. Huyo usijaribu kumshinda. Hayupo kwenye ubishi, yuko msibani.

Nilikuwepo

Silaha nzito kuliko zote ina neno moja: nilikuwepo. Haijalishi una hoja gani kuhusu gita la solo. Mwenzako akishasema alikuwepo DDC Kariakoo usiku ule, wewe na hoja yako mnarudi kwenye tofali.

Aliyechelewa kuzaliwa ana njia tatu. Ya kwanza ni kumtuma marehemu baba. Baba alikuwepo, baba alisimulia, na hakuna anayeweza kumwita baba aje kuhojiwa. Ya pili ni kutaja ukumbi bila kutaja mwaka: Amana, au kwa Hugo Kisima kule Kimara. Mwaka una wenyewe watakaokukagua, ukumbi hauna. Ya tatu ndiyo bora: taja umeme kukatika. "Umeme ukakatika katikati ya chemko, bwana, wapiga tumba wakaendelea gizani." Katika mji huu hakuna shahidi wa kukanusha kwamba umeme ulikatika. Jirani yako benchini ataongeza kwamba aliona, na kuanzia hapo nyinyi wawili mlikuwepo.

Usizidishe lakini. Mzee mmoja wa benchi la kwanza alisikia tunazungumzia Morogoro Jazz walivyokwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970, naye akaanza sentensi kwa "Siku tunaondoka uwanja wa ndege..." Tukamwangalia. Akaona mbali, akapunguza mwendo. Ikawa alikwenda kuwasindikiza. Baadaye ikawa alimjua mtu aliyebeba masanduku.

Akija mtu na roki

Siku itafika atakuja kijana kutoka Uingereza. Kwetu alikuwa mpwa wa mstaafu wa Packers, aliyekaa Leeds miaka sita na kurudi na koti la baridi na maneno "progresivu roki". Alikuja kijiweni na simu mkononi, akamwamkia mjomba wake vizuri, kisha akafanya kosa.

"Anko, mbona hili swali limeshajibiwa? Kuna albamu ambazo dunia nzima imekubali hazina doa."

Dunia nzima. Dereva bajaji aliyekuwa anataka kuondoka akazima injini.

Kijana akazitaja: ya King Crimson ya 1969, Close to the Edge ya Yes ya 1972, The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd ya 1973, na ya Genesis ya mwaka huo huo, Selling England by the Pound. Akaeleza kwamba wale jamaa walichoka na nyimbo za dakika tatu, wakachukua roki wakaichanganya na jazi na muziki wa vinanda vya kanisani, wakarefusha.

Hapa fuata mfano wa wazee. Wao hawakusema muziki ule ni mbaya. Waliuliza maswali.

"Hiyo ya Yes ina nyimbo ngapi?"

"Tatu."

"Tatu! Santuri nzima?"

"Wa kwanza unachukua upande mzima, Anko. Dakika kumi na nane na ushee."

Mstaafu akatafuna kashata. "Sawa. Na chemko inaingia dakika ya ngapi?"

Kijana akafikiri. Nilimwonea huruma, maana lilikuwa swali la haki. Wimbo wa dansi wa Dar una safari yake inayojulikana: unaanza polepole, waimbaji wanakueleza shida ya mtu na mkewe au mtu na mama yake, wanakupa muda wa kumshika mwenzako kiunoni, kisha sauti zinapungua, magitaa matatu yanaanza kusemezana, mapembe yanaingia, na hapo hata aliyekuja na fimbo anaiweka kando. Hiyo ndiyo chemko. Kijana akasema inategemea chemko ni nini.

"Mtu asiyejua chemko imeingia saa ngapi," mjomba wake akasema, bila ukali, "hakucheza. Alisimama."

Na ni kweli, kijana alikiri baadaye, watu wa muziki ule wengi husimama au kukaa, wakifumba macho.

Fundi redio akageukia Pink Floyd. Alitaka kujua walirekodi siku ngapi. Aliposikia kwamba kazi ilianza katikati ya 1972 pale Abbey Road, London, ikaisha mwanzoni mwa 1973, kwamba ala moja ilirekodiwa leo na nyingine ikawekwa juu yake siku nyingine, akaweka bisibisi chini.

"Kwa hiyo mpiga ngoma anakwenda zake kula, gita linaendelea?"

"Ndiyo."

"Na akikosea, anarudia yeye peke yake?"

"Ndiyo, bro."

"Miezi na miezi."

"Ndiyo."

"Sasa hiyo itakosaje kuwa safi? Hata mimi nikipewa miezi, kanzu yangu ya Idi haitakuwa na kunyanzi."

Yalipigwa makofi. Lakini kijana hakuwa mjinga. Alijibu kwamba usafi si kosa, kwamba kazi ya miezi nayo ni kazi, na kwamba dansi ingepewa mashine zile na ile miezi isingekataa. Benchi likanyamaza kidogo. Ilikuwa hoja. Na hapo ndipo nilipopata ule ushindi wangu halali, ninaouweka hapa bure kwa yeyote atakayeuhitaji.

Nilimuuliza: "Hao Genesis, mwimbaji wao nani?"

"Wakati ule? Peter Gabriel. Aliondoka 1975."

"Ndiye yule aliyekuwa anapanda jukwaani na gauni jekundu na kichwa cha mbweha?"

Kijana akashangaa kwamba najua. Nilikuwa nimesoma usiku uliopita. "Huyo huyo," akasema.

"Basi huyo huyo alijenga studio kijijini Box, huko huko kwenu Uingereza, akaanzisha lebo ya Real World. Mwaka 1989 lebo hiyo ikatoa Songs for the Poor Man. Unajua ni ya nani?"

Alikuwa hajui. Benchi la kwanza lilijua. Walijibu kwa pamoja kama darasa: "Remmy!"

Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyeingia Dar 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, akaja kuwa Dokta wa Super Matimila, na akafariki Desemba 2010 nyumbani kwake Sinza, ambako hadi leo kondakta anaita kituo kwa jina lake. Nikamwambia yule kijana kwa upole wa mshindi kwamba bwana mwenye kichwa cha mbweha, pamoja na vinanda vyake na mashine zake zote, alipotaka muziki wa kuuweka ndani ya studio yake alimtafuta mtu wa Sinza. Na kutoka hapa Sinza si mbali, bajaji hii hapa.

Dereva akapiga honi. Nilinyanyuliwa mkono. Ilidumu dakika moja hivi, kisha mstaafu wa Packers, ambaye tulikuwa kambi moja muda wote, akakohoa.

"Ile kanda ya Remmy ya Uingereza mimi ninayo. Ina doa."

"Doa gani, mzee?"

"Safi mno. Husikii hata kiti kikiburuzwa."

Karata za mfukoni

Weka karata mbili kwa siku mbaya.

Ya kwanza ni Sunburst. Wengi wamesahau kwamba Dar ilikuwa na roki yake, na hiyo ni baada ya muziki wa soul kupigwa marufuku jijini Novemba 1969. Vijana wa Sunburst walipiga roki iliyochanganyika na ngoma za hapa, wakatoa albamu moja tu, Ave Africa, mwaka 1976. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ikakusanya rekodi zao za 1973 hadi 1976 na kuzitoa upya. Bendi yenye albamu moja haina albamu mbaya, hesabu yake ni rahisi. Ukiitaja kwa sauti ya taratibu, watakaokuwa hawajaisikia watatikisa vichwa kama waliowahi, kwa kuwa hakuna aibu kijiweni kama kushindwa kujua kitu cha Dar mbele ya mtu wa Leeds.

Ya pili itumie mara moja tu maishani. Akikuuliza mtu kwa hasira utaje japo wimbo mmoja usio na kosa, mjibu: "Sina Makosa", wa Les Wanyika, wale waliojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978 kule Nairobi, wengi wao watu wa huku kwetu. Jibu limeandikwa kwenye santuri. Utachekwa, utarushiwa ganda la karanga, na utakuwa umepata muda wa kufikiria jibu la kweli.

Kuhusu simu sina mengi. Atatokea mtu wa kusema, "Ngoja niangalie mtandaoni." Mzuie. Mwambie bando litaisha. Mwambie mtandao wa Kawe unasumbua na upepo. Ubishi unaoisha kwa simu huwarudisha watu nyumbani saa kumi na mbili kasorobo, na wake zao hawajazoea kuwaona saa hizo.

Doa lenyewe

Nilikulia Temeke. Redio ya nyumbani ilikuwa kubwa na haina sehemu ya kanda. Mjomba wangu alikuwa na kinasa sauti kidogo cha mkononi. Jioni ikifika aliviweka uso kwa uso mezani, akatufukuza sisi watoto uani, akafunga dirisha, akangoja. Siku redio ilipopiga "Neema" alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akabana pumzi. Tulimwona kupitia pazia. Wimbo ulikwenda vizuri mpaka pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa kuachiwa uwanja. Hapo jogoo wa jirani, asiyejua saa wala Sikinde, akawika. Kisha akawika tena, safari hii kwa ufupi, kama aliyekumbuka kuna watu wanarekodi.

Mjomba hakuwa na kanda nyingine. Ile ikapigwa kwetu miaka mingi, asubuhi ya Idi, jioni ya Krismasi ya jirani, siku dada alipoolewa, hadi mashine ilipoutafuna utepe. Mimi nilikuwa mtu mzima kabisa ninayelipa kodi ya nyumba kabla sijagundua kwamba jogoo hakuwa wa Mlimani Park. Nilikuwa nimeshamsifu Michael Enoch wa Sikinde mbele za watu kwa ubunifu ule.

Hili sikuwahi kulisema kijiweni, na katika mwongozo nisingelitia kama si mambo ya juzi.

Juzi fundi redio alikuja na spika ndogo isiyo na waya na flashi yenye nyimbo zilizosafishwa. Alijigamba: mikwaruzo imetolewa, mvumo umetolewa, kila gita liko peke yake kama nguo kwenye kamba. Akaweka "Neema". Mtaa ukatulia. Muuza kahawa akasimama na birika mkononi. Hata mtu wa Mbaraka alikuwepo, na hakunung'unika. Mstaafu akafumba macho kama watu wa Leeds.

Waimbaji wakanyamaza. Magitaa yakashika. Nikangoja. Pale pakafika, pakapita.

"Hii imekatwa," nikasema. Maneno yalitoka kabla sijayatuma.

Fundi akasimamisha. "Imekatwa nini? Hii ndiyo kamili."

"Jogoo."

Sikuwa na pa kujificha. Ikabidi niwasimulie yote: mezani, dirisha, mjomba, vitufe viwili. Dereva bajaji alicheka mpaka akashuka kwenye benchi, tofali likateleza, sote tukainama upande mmoja. Fundi akaniuliza kama kwenye "Zuwena" hakuna mbuzi.

Mstaafu hakucheka. Aliweka kikombe chini, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Anawika mara ngapi?"

"Mara mbili, mzee. Ya pili fupi."

Akamgeukia fundi. "Rudisha nyuma kidogo."

Fundi akarudisha. Magitaa yakashika tena, na sisi watano na muuza kahawa tukainamisha vichwa kuelekea ile spika, tukimngoja.